Punje Ndani ya Faili

Wako watu wanaodhani kazi ya steshenari ni kukaa kwenye kiti na kubonyeza. Watu hao ningependa waje Makambako, pale njia ya Njombe na Songea inapochepuka kutoka barabara kuu, waingie kibanda cha Esnath Jumatatu asubuhi. Watamkuta dereva wa lori anataka fotokopi ya leseni sasa hivi, maana injini ameiacha inanguruma nje. Watamkuta mfanyabiashara wa mbao ana kibali kilicholowa mvua na anataka nakala yake itoke kavu. Watamkuta binti aliyemaliza kidato cha nne anataka barua ya kuomba kazi "kama ile uliyomwandikia mwenzangu, ubadilishe jina tu". Kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake. Katikati yao yupo Esnath, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, koti zito, kofia ya sufu, chupa ya chai miguuni, anasema neno lilelile la kila siku: "Foleni ipo, ndugu zangu."

Mwanzoni alifanya kazi kama wenzake wote wa pale mjini. Unaandika, unachapa, unahifadhi kwenye kompyuta. Mteja akitaka kutumiwa kwenye simu, unamgeuzia karatasi yake iwe PDF. PDF ni kitu kizuri, haivurugiki. Ukiifungua kwenye simu kijijini Kifanya au kwenye kompyuta ya ofisi Dodoma, inaonekana vilevile. Ubaya wake ni mmoja tu: ni kama picha ya ukutani. Unaitazama, lakini aliyepigwa tai ikiwa imepinda huwezi kumnyoosha. Ukitaka kubadilisha neno lazima urudi kwenye faili la kuandikia, na mafaili ya kuandikia Esnath alikuwa nayo kwenye kompyuta moja.

Kompyuta hiyo ikafa. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ikatoka harufu ya waya ulioungua, basi. Fundi aliifungua, akaifunga, akampa Esnath pole kama anayempa mfiwa. Katiba za vikundi, mitihani ya shule, ratiba za usharika, vyote vilikwenda. Halafu wateja wakaanza kuja na PDF zao kwenye simu. "Dada, nibadilishie tarehe tu hapa." Tarehe tu! Esnath anakaa kuandika upya kurasa nzima kwa ajili ya tarehe tu. Wanasema majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo Esnath alimlea muda mrefu.

Kilichomwokoa kilikuwa mbele ya macho yake siku zote. Alasiri moja ya mvua, hakuna mteja, alisoma vipengele vyote vya kutengenezea PDF kutoka juu mpaka chini, jambo ambalo mtu mwenye shughuli zake halifanyi. Humo akaona kijisanduku kidogo cha kutia tiki. Ukikitia tiki, faili lote la kuandikia linaingia ndani ya PDF na kutulia humo. Mteja akiifungua kwenye simu yake anaona PDF ya kawaida. Esnath akiifungua kwa programu yake ya kuandikia, kinachofunguka ni lile faili la ndani, na anabadilisha anachotaka. Kwa hiyo hata kompyuta ikiungua tena, kazi zake zote ziko salama kwenye simu za wateja wenyewe, nao hawana habari.

Akayaita mafaili hayo ya ganda na punje, kama maharage. Ganda ni la kutazama, punje ni ya kupanda tena. Wateja wakalipenda neno. Baada ya muda ungesikia mzee wa kanisa, mtu mzima na heshima zake, anasema dirishani, "Esnath, usisahau kuniwekea na punje."

Lakini hakuna kizuri kisicho na kasoro. Kamati moja ya harusi kutoka Njombe iliandikiwa kadi. Siku chache baadaye ukumbi ukabadilika, na katibu wa kamati, kijana mjanja wa simu, akaona asimsumbue mtu. Akaishika PDF humo humo kwenye simu, akapaka weupe juu ya jina la ukumbi, akaandika jina jipya juu yake, akaituma Makambako ichapwe. Esnath akaifungua kwa programu yake. Ikafunguka punje, na punje haikuwa na habari ya weupe wala ya ukumbi mpya. Akachapa kadi zote na ukumbi wa zamani. Mnaweza kujijazia wenyewe maneno aliyoambiwa na kamati. Akachapa upya kwa karatasi yake mwenyewe.

Kuanzia hapo akajiwekea sheria. Faili likirudi kutoka kwa mteja, analifungua mara mbili, kwa nje na kwa ndani. Ganda na punje zikitofautiana, hachapi. Anampigia mteja simu na kuuliza anataka lipi. Na kazi ikiisha, kabla ya kuhifadhi, anairekebisha punje ifanane na ganda, ili kosa lisije likaota baadaye. Kwa muda mrefu sheria hiyo hakuivunja, kwa mteja mkubwa wala mdogo.

Sasa nije kwa baba yake.

Mzee Anania alikuwa mtu wa Kifanya, mpanda miti. Katika ujana wake alifanya kazi ya kupakia mbao Makambako, na hapo ndipo alipojuana na Tabea, msichana wa Ludewa, kutoka kule ziwani, aliyekuwa akiuza chai na maandazi karibu na stesheni ya reli. Esnath akazaliwa. Kifanya nako wazee walikuwa wameshamtafutia Anania mchumba, binti wa nyumba wanayoijua. Akaitwa nyumbani, akaenda, akaoa. Hadithi kama hizo ziko nyingi pale njia panda, na nyingi huishia hapo.

Hii haikuishia hapo, kwa sababu Mzee Anania hakuwahi kumkana mtoto wake. Kila alipoleta viazi Makambako alipita kibandani, akaketi kwenye benchi la wateja na kofia yake magotini. Foleni ikiwa ndefu aliwaambia watu asiowajua, "Huyo mnayemwona ni mwanangu wa kwanza." Esnath masikio yanampata moto, anajifanya anatafuta karatasi chini ya meza. Mzee akiondoka, mwanamke yule mzima, mwenye duka lake, alikuwa mwepesi mpaka jioni.

Lakini Kifanya kwenyewe alifika mara chache, za kuhesabika. Alisalimiwa, akapewa ugali, akasindikizwa. Mke wa baba yake, Mama Geofrey, alikuwa mtu wa maneno machache, na Esnath hakujua maneno yale machache yanaficha nini. Hakufukuzwa, wala hakuambiwa alale.

Mzee akaugua, akafariki mwezi wa sita, baridi ikiwa imeshika kiasi kwamba asubuhi majani ni meupe. Aliyempigia Esnath simu ni Shangazi Germana, dada wa marehemu, aliyeolewa Tandala. Shangazi alilia kwanza, akalia sawasawa, kisha akapenga kamasi na kuingia kwenye kazi.

"Historia ya marehemu utaandika wewe. Wewe ndiye mwenye kompyuta."

Wasiojua mazishi yetu niwaeleze. Katika ibada, kabla ya kwenda kaburini, husomwa historia ya marehemu: alizaliwa lini, alibatizwa wapi, aliishije, ameacha nani. Majina ya watoto yanasomwa moja moja. Na kaburi likishafukiwa, msemaji anashika karatasi hiyohiyo na kuwaita watoto waje kuweka mashada. Usiposomwa huitwi. Usipoitwa unasimama na majirani.

Esnath hakutaka shamba. Hakutaka miti, ingawa iko mingi na imenyooka. Alitaka jina lake lisomwe, asimame na wenzake, aweke shada kwenye kaburi la baba yake mbele za watu, kama baba yake alivyokuwa akimtaja mbele za watu. Hilo tu ndilo alilolitaka, na alilitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu.

Shangazi akasoma kwenye simu, Esnath akaandika. Walipofika kwenye watoto, Shangazi akataja: "Geofrey, Anjela, Remmy, Peace, Elius. Na wewe."

"Na mimi, shangazi?"

"Kwani wewe ulidondoka kutoka kwenye lori? Andika."

Akaandika kwamba marehemu ameacha mjane na watoto sita. Kwa kuzaliwa angeanza yeye, Geofrey angefuata. Kidole kikakataa. Akajiweka mwisho kabisa, karibu na nukta, mahali ambapo hatamzuia mtu kupita. Akageuza PDF, akatia tiki yake kama kawaida, akatuma kwa Shangazi, na Shangazi akapeleka Kifanya.

Kesho yake mchana faili likarudi, limetumwa na Geofrey, mtoto mkubwa wa Mama Geofrey. Ujumbe ulikuwa mfupi: wamerekebisha kidogo, achape nakala mia na hamsini, mazishi ni kesho.

Esnath akalifungua kwa programu yake. Kila kitu kilikuwa sawa. Watoto sita, na jina lake karibu na nukta. Akaweka karatasi kwenye mashine, mkono ukaenda kwenye kitufe. Hapo akakumbuka sheria. Akaurudisha mkono, akalifungua faili kwa nje.

Kwa nje watoto walikuwa watano. Mtu alikuwa amepaka weupe juu ya "sita" akaandika "watano", na mwisho wa mstari, baada ya Elius, palikuwa na weupe mtupu. Weupe wenyewe haukufanana na weupe wa karatasi. Ulikuwa umezidi kidogo, kama kiraka.

Alikaa akiutazama. Njia mbili zilikuwa wazi mbele yake na zote alizijua. Angeweza kubonyeza tu, punje ijichape, na kesho jina lisomwe. Akiulizwa angesema kompyuta ndiyo ilivyofungua, na asingekuwa amedanganya. Kamati ya harusi ya Njombe nzima ingemtolea ushahidi. Au angeweza kufanya anavyofanya kwa wateja wote. Akachukua simu.

"Geofrey, poleni na msiba."

"Tumeshapoa, dada. Faili umelipata?"

"Nimelipata. Ila lina mambo mawili. Ganda linasema watoto watano, punje inasema sita. Nichape lipi?"

Nyuma ya Geofrey wanawake walikuwa wakiimba wimbo wa kitabuni, taratibu, sauti za watu waliochoka.

"Kwenye simu yangu linaonekana lipi?" akauliza Geofrey.

"La watano."

"Basi hilohilo." Kisha akashusha sauti. "Dada, si mimi. Kikao cha ukoo kimekaa. Baba mdogo Haruni amesema mama asije akaumizwa kanisani."

"Sijauliza nani, Geofrey. Nimeuliza lipi."

"La nje."

"Haya. Nakala mia na hamsini?"

"Ndiyo, dada."

Akachapa la nje. Mashine ikazitapika karatasi moja moja, naye akawa anazikunja katikati, kila karatasi anaipitishia ukucha ili mkunjo ukae vizuri. Iliuma, na sina haja ya kuipamba. Alilia huku anakunja. Mteja mmoja aliyekuja kupiga picha za pasipoti alichungulia, akasema, "Pole dada, ni moshi?" Esnath akasema ndiyo, ni moshi. Kibandani hamkuwa na jiko wala kibiriti.

Kifanya alikwenda mwenyewe na boksi la karatasi mapajani. Akalikabidhi kwa Geofrey mlangoni, wakapeana mikono, hawakutazamana. Kisha akaenda jikoni, akaketi na wanawake, akamenya viazi. Maji yalikuwa ya baridi mpaka vidole vikawa kama vya mtu mwingine. Wakati wa ibada alikaa nyuma. Historia ikasomwa, watoto watano. Shangazi Germana, aliyekuwa mbele, aligeuka mzima mzima na mdomo umeshafunguka, Esnath akamtikisia kichwa: asiseme kitu, wamzike kwanza.

Kaburini msemaji akawaita watoto wa marehemu. Wakatoka watano na mashada yao. Esnath alikuwa upande wa pili, katikati ya majirani, mikono ndani ya kanga. Mama Geofrey, aliyekuwa ameshikiliwa huku na huku, akainua uso akatazama ng'ambo ya kaburi. Macho yao yakakutana. Mama Geofrey akamtazama muda, kisha akageuza uso kwa namna ambayo Esnath aliijua maana yake, au alidhani anaijua. Jioni hiyohiyo akarudi Makambako.

Shangazi Germana alirudi kwake Tandala amenuna. Yeye na Mama Geofrey ni mawifi wa kusalimiana kanisani, si wa kupigiana simu, kwa hiyo jambo likafa hapo. Ndivyo misiba yetu inavyokwisha: sufuria zinaoshwa, maturubai yanakunjwa, yaliyotakiwa kusemwa yanabaki.

Dukani kulikuwa na kazi moja ambayo haijaisha. Sheria inasema punje irekebishwe ifanane na ganda, ndipo faili lihifadhiwe. Esnath akalifungua la ndani. Akaweka kishale mwisho wa jina lake. Ilitakiwa kubonyeza mara chache tu, Esnath ana herufi sita, na kubadilisha sita kuwa watano. Akanywa chai kwanza. Akahudumia mtu wa laminesheni. Akarudi, kishale bado kinapepesa palepale. Watu walikuwa wamelifuta jina lake kwa nje na asingeweza kuwazuia, lakini kulifuta kwa ndani kulihitaji mkono wake, na mkono wake ukakataa. Akalifunga faili kama lilivyo. Katika duka lile lote lilikuwa faili la kwanza kuhifadhiwa ganda na punje vikiwa havisemi kitu kimoja.

Mwaka ukazunguka. Baridi ikarudi, na siku moja kabla ya saa sita gari la viazi likasimama nje. Akashuka Geofrey, akamshika mkono mama yake akamshusha. Mama Geofrey alikuwa amevaa sweta la kaki na kitambaa cheusi kichwani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia kibandani, akatazama kila kitu: mashine, bahasha, benchi. Kwenye benchi akaketi, palepale alipokuwa akiketi mumewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Geofrey ndiye aliyeeleza. Wanafanya ibada ya kumbukumbu na kuweka msalaba wa saruji kaburini. Wanataka karatasi kama zile za mwaka jana, historia ileile, ibadilishwe tarehe na ratiba tu.

Esnath alikuwa bado hajajibu Mama Geofrey alipoingilia, kwa sauti ile yake ya chini. "Na wewe mwaka huu utajiandika? Au bado hututaki?"

Esnath akafikiri hakusikia vizuri. "Mama?"

"Karatasi za mazishi si uliandika wewe? Siku ile nilikuona umesimama kule na majirani. Nikamwuliza Haruni, mbona Esnath hajaitwa. Akasema, karatasi kaandika mwenyewe. Nikanyamaza. Nikasema moyoni, huyu mtoto ana duka lake Makambako, hataki kuhesabiwa na sisi watu wa mashambani. Mwaka mzima nimekaa nalo."

Kwenye foleni kulikuwa na dereva wa lori na mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Wote wawili wakaanza kusoma kwa makini tangazo la bei ukutani. Geofrey alikuwa anatazama viatu vyake.

Esnath angeweza kumnyooshea kidole Geofrey pale pale, na nani angemlaumu. Lakini mtu aliyezoea kufanya kazi kwa namna moja, siku akishikwa pabaya hushika ileile aliyoizoea. Akavuta kiti.

"Mama, faili la mwaka jana lina mambo mawili. Kabla sijachapa ni lazima mteja achague. Sogea hapa uone."

Akalifungua faili mara mbili, akayaweka madirisha bega kwa bega, akaugeuza uso wa kompyuta. Mama Geofrey akatoa miwani kwenye mfuko wa sweta, akaifuta kwa ncha ya kitambaa, akaivaa. Akasoma la kushoto. Akasoma la kulia. Alisoma polepole, midomo ikicheza, na alipofika mwisho wa mstari wa watoto alirudia.

"Hili lenye sita liliandikwa lini?"

"Siku ile Shangazi Germana aliponisomea kwenye simu. Ndilo la kwanza. Limekaa ndani ya hilo lingine."

"Uliliandika wewe."

"Mimi, mama."

Mama Geofrey akagusa kioo kwa kidole, kwenye kile kiraka cha weupe. "Na huku alipaka nani?"

Kabla Esnath hajafungua mdomo, Geofrey alisema, "Mimi, mama. Baba mdogo alisema utaumia jina likisomwa. Wazee wakakubali."

"Haruni aliniuliza?"

"Hakukuuliza."

"Wewe je, uliniuliza?"

Geofrey akarudi kutazama viatu vyake.

"Nilimzika mume wangu siku ile," alisema Mama Geofrey. "Mlivyoniona nalia, mlidhani nalilia jina?" Hakupandisha sauti. Geofrey alikuwa mtu mzima mwenye watoto wanne, lakini pale alisimama kama aliyeitwa na mwalimu mkuu. Mama akaivua miwani, akamgeukia Esnath, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akamtazama bila haraka. "Na wewe ukachapa."

"Alichagua la nje, mama. Mteja ndiye anayechagua."

"Ukakubali kujikunja ndani humo mwaka mzima."

"Kujifuta ndiko nilikoshindwa."

Mama Geofrey akatikisa kichwa, akaivaa tena miwani. "Leo mteja ni mimi. Nachagua la ndani." Esnath akashusha pumzi, lakini mama alikuwa hajamaliza, uso wake ulikuwa karibu na kioo na kidole kimesimama kwenye nukta. "Ila nalo lina kosa."

"Wapi, mama?"

"Hapa. Umejiweka mwisho. Mimi nilipoingia nyumba ile nilimkuta baba yenu ana mtoto. Hakunificha, aliniambia siku ya kwanza, na jina akanitajia. Elius nilimzaa juzi hapa. Mtoto niliyemkuta ataandikwaje baada ya Elius? Mtoe pale mwisho. Anza naye."

Esnath akalishika jina lake mwisho wa mstari, akalikata, akapeleka kishale mwanzoni, mbele ya Geofrey, akalibandika. Akatoa "na" mahali ilipokuwa, akaiweka kati ya Peace na Elius. Macho yalikuwa yamemjaa hata herufi zikacheza, akalazimika kusubiri ndipo aweke mkato. Watoto walibaki sita. Hapo hapakuwa na cha kubadilisha.

"Kumbe mimi ni wa pili," alisema Geofrey.

"Siku zote ulikuwa wa pili," mama yake akamjibu. Kisha akamwambia Esnath, "Na siku hiyo ukiitwa, nisije nikasikia uko jikoni unamenya viazi."

Esnath akabadilisha tarehe na ratiba, akageuza PDF, akatia tiki kwenye kijisanduku. Akalifungua kwa nje, akasoma mstari wa watoto. Akalifungua kwa ndani, akausoma tena. Vilisema kitu kimoja. Dereva wa lori, ambaye injini yake ilikuwa inanguruma nje muda wote huo, hakusema neno la foleni.

"Nichape, mama?"

"Chapa."